Sura ya Nne: Safura, Anemia na Upungufu wa Damu

Katika Kiswahili cha kisiwa cha Mombasa, hali ya mtu ambaye damu yake haitoshi kuuhudumia mwili ina majina matatu, na kila moja limeingia katika lugha kwa mlango wake na kwa wakati wake. La kwanza ni safura, jina kongwe lenye asili ya Kiarabu. La pili ni anemia, neno la Kiyunani lililofika kupitia vitabu vya udaktari wa Ulaya. La tatu ni upungufu wa damu, lililoundwa kwa maneno ambayo lugha ilikuwa nayo tangu zamani, na ambalo leo ndilo linaloandikwa katika mabango ya kliniki za waja wazito na kusikika katika vipindi vya afya redioni. Majina haya yanakaribiana, ila hayalingani, kwa kuwa kila moja linashika upande mmoja wa maradhi na kuuacha mwingine, na mgonjwa anayelisikia moja badala ya jingine huenda akaelewa jambo tofauti kabisa kuhusu mwili wake na kuhusu dawa atakayopewa.

Sura hii inaeleza majina hayo yalikotoka na yanachokibeba. Lengo lake si la kilugha peke yake, kwa sababu historia ya maneno haya inaonyesha jambo lenye uzito kwa afya ya mama na mtoto wa Pwani: kwamba kupungua kwa damu ni dalili yenye vyanzo vingi, na kwamba jina lolote linaloificha sababu linaweza kumpoteza mgonjwa na hata tabibu wake.

Neno la Kiyunani na safari yake hadi kwenye tarakimu

Neno anemia limeundwa kwa vipande viwili: an-, kiambishi cha kukanusha ambacho kazi yake ni sawa na ya neno "bila", na haima, yaani damu. Tafsiri yake ya moja kwa moja ni hali ya kuwa bila damu, na maana hiyo ikichukuliwa kama ilivyo haiwezi kuwa kweli kwa binadamu yeyote aliye hai. Aristotle, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alilitumia neno la ukoo huo pahali palipolistahiki zaidi, pale alipowagawa wanyama katika makundi mawili, wenye damu na wasio na damu, na katika kundi la pili akawatia wadudu, pweza, kaa na makombe, viumbe ambao ndani ya miili yao haimo damu nyekundu kama ya binadamu.

Matabibu wa Ulaya walichelewa kulitumia neno hilo kama jina la maradhi, kwa kuwa kwa karne nyingi walikuwa wakiitazama rangi ya ngozi kuliko damu yenyewe. Mwaka 1554 tabibu Mjerumani Johannes Lange alieleza maradhi yaliyowapata wasichana, ambao nyuso zao zilipauka, mioyo ikawaenda mbio, pumzi zikawa fupi na miguu ikavimba, na mwanzoni mwa karne ya 17 hali hiyo ilipewa jina klorosi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi iliyo kati ya kijani na manjano. Jina anemia lilienea katika vitabu vya tiba katika karne ya 18 na ya 19, na hata hapo lilimaanisha tu kwamba mgonjwa anaonekana kama mtu asiye na damu, maana hapakuwa na chombo cha kupimia kilichopungua wala kiasi chake.

Chombo hicho kilipatikana kwa hatua. Mwaka 1852 Karl Vierordt, Mjerumani pia, alichapisha njia ya kuhesabu chembe nyekundu zilizomo katika tone la damu, na mwaka 1864 mwenzake Felix Hoppe-Seyler aliipa jina himoglobini ile protini yenye chuma inayoipa damu wekundu wake na kuibeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni hadi kila pembe ya mwili. Tangu hapo anemia iliacha kuwa rangi ya uso ikawa tarakimu. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani liliweka viwango ambavyo vimeongoza kliniki za dunia nzima kwa zaidi ya nusu karne: gramu 11 za himoglobini katika kila desilita ya damu kwa mja mzito, 12 kwa mwanamke asiye na mimba na 13 kwa mwanamume, na aliye chini ya hapo huhesabiwa kuwa na anemia. Katika mwongozo wake wa mwaka 2024 shirika hilo lilikishusha hadi gramu 10.5 kiwango cha mja mzito aliye katika miezi mitatu ya kati, kwa kuzingatia mabadiliko ya kawaida ya damu ya mimba. Tarakimu, basi, ndiyo iliyoliokoa neno anemia kutoka katika maana yake ya asili isiyowezekana, ingawa tarakimu hiyo haisemi lolote kuhusu chanzo.

Safura: manjano, tumbo na utupu

Muda mrefu kabla ya tarakimu hizo kufika Pwani, Waswahili walikuwa na jina lao. Neno safura linarudi kwenye herufi tatu za mzizi wa Kiarabu, sad, fa na ra, ambazo huzaa jamaa kubwa ya maneno. Kutokana nazo hupatikana jina la rangi ya manjano, na pia safra, yaani nyongo ya manjano, ambayo katika tiba ya Kiyunani iliyopokewa na kuendelezwa na matabibu wa Kiislamu ilikuwa mojawapo ya vimiminika vinne vinavyouendesha mwili, pamoja na damu, balghamu na nyongo nyeusi. Kutokana na herufi hizo hizo hupatikana vilevile kitenzi cha kuwa tupu, na sifuri, tarakimu ya utupu ambayo kila mtoto wa shule wa Mombasa huiandika bila kujua kwamba imebeba konsonanti zile zile zilizomo katika jina la maradhi.

Kuna tawi la tatu la mzizi huo ambalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Waarabu wa kale waliliita safar gonjwa la tumbo ambalo walilidhania kuwa ni nyoka au mnyoo anayekaa ndani ya mtu na kumng'ata anapokuwa na njaa. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alipoipanga milango ya kitabu cha tiba katika mkusanyiko wake wa Hadithi, aliuweka mmoja kwa ajili ya neno hilo na kulifasiri kuwa ni ugonjwa unaoshika tumbo, ilhali wanazuoni wengine walilifahamu neno hilo hilo kuwa ni mwezi wa Safar, ambao kwa hesabu ya Pwani ni mfungo tano. Kwa hiyo mzizi mmoja wa Kiarabu ulikwisha kukusanya rangi ya manjano, utupu, na mnyoo anayemla mtu tumboni. Haihitajiki kudai kwamba aliyelitamka neno safura kwa mara ya kwanza katika mitaa ya Mji wa Kale aliyawaza yote hayo kwa pamoja, ila inatosha kuona kwamba neno lilipotua Pwani lilikuta maradhi ambayo dalili zake zinalingana na maana zake zote tatu.

Maradhi hayo yameelezwa kwa maandishi tangu karne ya 19. David Livingstone, akiwa amekwama Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, kati ya mwaka 1870 na 1871, akiishi pamoja na wafanyabiashara wa Pwani, aliliandika jina safura katika shajara yake, ambayo ilichapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Alieleza kwamba safura ni maradhi yajulikanayo Unguja, ambayo mwenye nayo hushikwa na uchu wa kula udongo, miguu yake huvimba, mwili hukonda, na pumzi humwishia hata kutembea humshinda. Alisisitiza kwamba maradhi hayo huwapata watumwa na matajiri vilevile, na kwamba udongo unaopendwa kuliko wowote ni ule uliokwisha kujengewa ukuta.

Katika shajara hiyo hiyo imo dawa, ambayo Livingstone alipewa na mfanyabiashara aitwaye Mohamad, aliyekuwa ameirithi kutoka kwa baba yake. Siki kuukuu ya mnazi hutiwa katika bakuli kubwa, kisha mavi ya chuma, yaani taka ngumu inayobaki mhunzi anapoyeyusha chuma, huchomwa hadi yakawa mekundu na kutumbukizwa humo yakiwa bado yanawaka. Kisha huongezwa mvuje wenye uzito wa nusu rupia, na salfeti ya chuma, ambayo ni chumvi ya rangi ya kijani, kwa uzito huo huo. Mgonjwa hunywa gilasi ndogo asubuhi na jioni kabla ya kula kitu, kwa muda wa siku saba, hutapika na kuharisha choo cheusi, na chakula chake huwa ni mchele wa zamani au mtama na maji.

Dawa hiyo inaweza kumshangaza msomaji wa leo, lakini akiitazama vizuri ataiona kemia yenye maana. Siki ni asidi, asidi huila chuma kilichomo katika mavi ya mhunzi na kukigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka, na salfeti ya chuma ndiyo kiini cha vidonge ambavyo tabibu Mfaransa Pierre Blaud alivitangaza mwaka 1832 kwa ajili ya wasichana wenye klorosi, na ambavyo ukoo wake ungali ukitolewa katika maduka ya dawa hadi sasa. Choo cheusi kilichoonekana kwa wagonjwa wa Manyema ni dalili ambayo kila mkunga huwaonya waja wazito wanaomeza vidonge vya chuma wasiiogope. Katika karne ya 17 Thomas Sydenham wa Uingereza alikuwa akiwapa wagonjwa wake vumbi la chuma lililorowekwa katika mvinyo, na waganga wa Pwani, waliokatazwa mvinyo na dini yao, waliifanya kazi hiyo kwa siki ya mnazi. Livingstone mwenyewe, aliyekuwa daktari, alidhani kwamba kisa cha safura ni nyongo iliyoganda na kuziba njia yake, na kwa dhana hiyo akarudi, pengine bila kujua, kwenye maana ile ile ya Kiarabu iliyofichwa ndani ya jina.

Mnyoo apatikana

Mwaka 1838 Angelo Dubini alimpasua maiti wa mwanamke mjini Milan na kumkuta katika utumbo wake mnyoo mdogo mwenye mdomo uliopinda, ambaye baadaye alimwita ankilostoma, na mwaka 1854 Wilhelm Griesinger, aliyekuwa amefanya kazi Cairo, alionyesha kwamba mnyoo huyo ndiye aliyesababisha ile iliyoitwa klorosi ya Misri, maradhi ya kupauka yaliyowaua wakulima wengi wa bonde la Nile. Mwishoni mwa karne hiyo Arthur Looss, pia huko Cairo, aligundua kwamba kiluwiluwi cha mnyoo huingia mwilini kwa kutoboa ngozi, hasa ya mguu uliokanyaga udongo wenye kinyesi. Mwaka 1902 Charles Stiles wa Marekani alimtambulisha mnyoo wa pili wa jamaa hiyo, na kumpa jina la Kilatini lenye maana ya muuaji wa Kimarekani, ingawa mnyoo huyo ameenea mno Afrika na wengi huamini kwamba alivushwa bahari ndani ya miili ya watumwa.

Waswahili hawakuhitaji jina jipya kwa mnyoo huyo. Wataalamu wa Kiswahili walimwita mnyoo wa safura, na kwa jina hilo moja wakaunganisha dalili na chanzo, kinyume na Kiyunani, ambacho kina neno moja kwa damu iliyopungua na jingine kabisa kwa mnyoo. Hesabu ya madhara yake ni rahisi kuifuata. Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea Afrika hupoteza takriban mililita 0.03 za damu kila siku, kiasi kisichofika hata tone, na yule wa Dubini hupoteza mara tano au zaidi ya hapo. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma, na mwili wa mtu mzima kwa kawaida hufyonza kutoka katika chakula miligramu moja hadi mbili tu kwa siku. Minyoo mia moja ya aina ya kwanza, basi, inaweza kumwaga kwa siku chuma kinachokaribia kile ambacho mlo mzima umekileta, na mwenye minyoo hiyo akila vizuri kiasi gani atakuwa kama ajazaye mtungi wenye tundu.

Upungufu wa damu: neno linalosikika kuwa wazi

Jina la tatu limeundwa kwa ndoa ambayo ni kawaida ya Kiswahili, kwa kuwa upungufu hutokana na kitenzi cha Kibantu pungua, na damu ni neno la Kiarabu. Kwa upande mmoja jina hili ni sahihi kuliko lile la Kiyunani, maana anemia husema hakuna, ilhali upungufu husema kipo lakini hakikutimia. Muuza nafaka akiambiwa kwamba kibaba chake ni pungufu, wote wawili, yeye na mnunuzi, wanafahamu kwamba kuna kibaba kamili kinachotumiwa kulinganishia, na hicho ndicho hasa ambacho kiwango cha Shirika la Afya Duniani kinakifanya.

Kasoro yake imo katika sehemu ya pili ya jina. Msikilizaji anayeambiwa kwamba damu imepungua, au kama isemwavyo kila siku mjini Mombasa, kwamba damu iko chini, hufikiria kimiminika kilichoshuka ndani ya chombo, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, na dawa anayoiwazia ni ya kuongeza damu. Kinachopimwa, hata hivyo, si wingi wa kimiminika. Mja mzito ndiye mfano bora, kwa kuwa katika mimba maji ya damu yake huongezeka kwa karibu nusu, nazo chembe nyekundu huongezeka kwa kiasi kidogo kuliko hapo, hivyo kwamba mama aliyeandikiwa upungufu wa damu katika kitabu chake cha kliniki aghalabu ana damu nyingi zaidi mishipani kuliko aliyokuwa nayo kabla ya kushika mimba. Kilichopungua ni himoglobini katika kila tone, yaani nguvu ya damu, na wazee wa Pwani waliposema kwamba fulani ana damu dhaifu walikuwa karibu zaidi na maabara kuliko bango la kliniki.

Jambo hili huonekana kwa macho katika kipimo kikongwe cha uchangiaji damu, ambacho kimetumika katika nchi nyingi kwa sababu ya urahisi wake. Mhudumu huitayarisha gilasi yenye maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo wazee walikuwa wakiitia katika vidonda sugu, maji hayo yakiwa yamepimwa uzito wake kwa uangalifu, kisha humchoma mchangiaji kidole na kuliachia tone moja lidondoke kutoka juu. Tone lenye himoglobini ya kutosha ni zito, hivyo huzama moja kwa moja hadi chini katika sekunde chache, likiwa limejifunga kama shanga. Tone dhaifu husita katikati ya ule ubuluu, huelea kidogo, na pengine hurudi juu. Matone yote mawili ni mekundu kwa macho, na ukubwa wao ni mmoja, lakini moja linafaa kumwokoa mtu mwingine na jingine linahitajiwa na mwenyewe.

Kwa kuwa jina limewaelekeza watu kwenye wingi na wekundu, wengi hutafuta tiba katika vinywaji vyekundu. Maji ya bitiruti yana manufaa yake, lakini wekundu wa kiazi hicho hautokani na chuma, na sahani ya mbaazi, maini au dagaa, ikikamuliwa ndimu, humsaidia mama zaidi, kwa sababu asidi ya ndimu hukirahisishia chuma njia ya kufyonzwa, kama vile siki ya Manyema ilivyofanya katika bakuli. Chai ya rangi au ya maziwa, kinywaji kisichokosekana katika nyumba ya Mombasa, hufanya kinyume, maana majani yake yana kitu kinachokishika chuma cha chakula na kukizuia kisiingie mwilini, na kwa hiyo ni bora inywewe mbali na mlo na mbali na kidonge.

Damu ya Pwani na vyanzo vyake

Utafiti uliofanywa Kilifi, kiasi cha kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, na kuchapishwa mwaka 1998 na P. Wenzel Geissler na wenzake, uliwahoji waja wazito 275 katika hospitali ya wilaya, na 154 kati yao, yaani asilimia 56, walisema kwamba hula udongo mara kwa mara. Katika uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 1999, wanawake waliohojiwa kwa kina walieleza kwamba udongo waupendao zaidi ni wa kuta za nyumba, na kiasi cha kawaida kilikadiriwa kuwa gramu 41.5 kwa siku. Ni ukuta ule ule uliotajwa na Livingstone miaka 130 hivi kabla yake. Wanawake hao waliunganisha mambo manne, mimba, upungufu wa damu, safura na minyoo, bila kusema kwamba moja peke yake ndilo linalozaa mengine, kwani kwao mwenye damu dhaifu hutamani udongo, na mwenye kula udongo hudhoofika damu, na duara huendelea. Wanasayansi nao hawajafika mbali na duara hilo, kwa kuwa kukosa chuma huamsha uchu wa udongo, na baadhi ya udongo hukishika chuma cha chakula tumboni na kuongeza ukosefu ule ule.

Pwani ina vyanzo vingine ambavyo si vya chuma. Malaria huzivunja chembe nyekundu na kulivimbisha bandama. Ugonjwa wa seli mundu, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na James Herrick wa Chicago mwaka 1910, huzipinda chembe na kuzifupishia maisha, hivyo kwamba badala ya kuishi siku 120 huishi siku kumi hadi ishirini, na uboho wa mifupa hushindwa kuzifidia. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alichukua sampuli za damu katika sehemu mbalimbali za nchi na kukuta kwamba karibu na Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya asilimia 20 ya watu walibeba nusu ya urithi huo, ilhali nyanda za juu hawakufika asilimia moja. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayebeba nusu ya urithi hukingwa na malaria kali, na kwa hiyo pale penye mbu wengi urithi huo huhifadhiwa kizazi baada ya kizazi. Kuna pia thalasemia, jina lililobuniwa katika miaka ya 1930 kwa kuunganisha thalassa, yaani bahari, na haima, kwa kuwa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wa familia zilizotoka pwani za Mediterania. Aina yake iitwayo alfa, ambayo kwa kawaida ni nyepesi, imeenea sana miongoni mwa watu wa Pwani ya Kenya, na damu ya bahari ni jina linalowafaa watu wa kisiwa kama lilivyowafaa wale wa Mediterania.

Chanzo kingine kiligunduliwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika mji ambao majahazi ya Mombasa yaliuzoea. Bombay, kuanzia mwaka 1928, tabibu Mwingereza Lucy Wills aliwachunguza waja wazito maskini waliokuwa na damu dhaifu ambayo haikuponywa na chuma, na mwaka 1931 akatangaza kwamba hupona wakipewa hamira iliyokamuliwa. Kitu kilichowaponya kilikuja kuitwa foleti, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa kimo kwa wingi katika mboga za majani kama mchicha. Ndiyo maana kidonge anachopewa mja mzito katika kliniki za Kenya kimeunganisha miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki.

Kidonge hicho kinahitajika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulikuta kwamba asilimia 41.6 ya waja wazito wa Kenya walikuwa na anemia, na mwaka 2012 serikali ililazimisha unga wa mahindi na wa ngano utiwe virutubishi, chuma kikiwamo. Lakini Pemba, kisiwa jirani, kimetoa funzo la kuikumbusha dunia kwamba dawa ya jina si lazima iwe dawa ya maradhi. Mnamo 2002 na 2003 watafiti wakiongozwa na Sunil Sazawal waliwapa chuma na asidi ya foliki maelfu ya watoto wadogo wa kisiwa hicho, ambako malaria ilikuwa kali, na mwaka 2003 walilazimika kusimamisha sehemu hiyo ya utafiti, kwa sababu watoto waliomeza chuma walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa hospitalini iliyozidi kwa asilimia 12 ile ya wenzao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha pia kwamba watoto waliokuwa na ukosefu wa kweli wa chuma walinufaika. Tangu hapo ushauri wa kimataifa umesisitiza kwamba penye malaria watoto wapewe chuma pamoja na kinga na tiba ya malaria.

Jina linalosubiri kukamilishwa

Historia ya majina haya matatu inaonyesha kwamba kila moja lina lake la kutoa. Anemia limeleta tarakimu, na bila tarakimu mama aliyepauka kidogo angeendelea kuambiwa kwamba amechoka tu. Safura limehifadhi kumbukumbu ya mnyoo, udongo na tumbo, na kwa hiyo limeulinda uhusiano kati ya dalili na chanzo chake. Upungufu wa damu limeleta wazo la kipimo katika lugha inayoeleweka na kila mtu, kutoka Kibokoni hadi Majengo, na hapana sababu ya kuliacha.

Kinachohitajika ni kulikamilisha, na sarufi ya Kiswahili imekwisha kuandaa nafasi. Jina hili limejengwa kwa kiunganishi kinachoweza kurudiwa, hivyo kwamba baada ya upungufu wa damu lugha inaruhusu, na kwa kweli inasubiri, kiunganishi kingine: upungufu wa damu wa minyoo, wa malaria, wa kukosa chuma, wa kukosa foleti, wa seli mundu, wa kutokwa na damu wakati wa kujifungua. Kila mwisho wa jina hilo una dawa yake, na dawa ya mmoja yaweza kuwa bure kwa mwingine, au ikawa sumu. Mama wa Mombasa anayetoka kliniki akiwa na kitabu kilichoandikwa kwamba damu yake ni gramu 9 amepewa nusu ya jina la maradhi yake, na ana haki ya kurudi mlangoni na kuiuliza nusu ya pili: upungufu wa damu wa nini?